Pale Ulipokaa Msiba

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Tangu ugonjwa ule uingie nchini, je, kuna mtu aliyekuwa akiishi katika nyumba hii ambaye amefariki? Nimeliuliza Isevya, nimeliuliza Gongoni, nimeliuliza vijijini mpaka Puge, kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi na kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, mpaka ulimi ukalichoka. Na mimi si mtu wa kuchoshwa na kurudia maneno. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nimestaafu, nakaa Isevya, hapa Tabora mjini, na mama yangu mzazi, nafuga kuku waliokuwa wamegoma kutaga, nilipoitwa kwenye kazi hii. Walitaka watu wavumilivu wanaojua lugha za huku. Kwenye uvumilivu niliwaongopea kidogo.

Kazi ilikuwa kuhesabu waliouawa na ugonjwa, ila bila kuutaja sana ugonjwa wenyewe. Msimamizi wetu, kijana mpole aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alitueleza siku ya kwanza ya mafunzo kwamba hesabu zilizotangazwa wakati ule hazimsaidii mtu yeyote. Wengi hawakupimwa. Wengi walifia nyumbani. Waliobahatika kufika hospitali waliandikiwa presha, kisukari, nimonia, au ile changamoto ya upumuaji ambayo sote tuliijua na sote tuliitamka tukitazama pembeni. Kwa hiyo tusihangaike na marehemu alikufa kwa nini. Tuhesabu wote, awe aliyegongwa na pikipiki, awe bibi aliyeondoka kwa uzee. Wao ofisini watachukua idadi ya watu wanaokufa miaka ya kawaida, wataitoa, na kitakachozidi ndicho alichokichukua yule mgeni aliyeingia nchini.

Nilimwelewa haraka. Ndivyo unavyojua panya wameingia stoo: hukuwaona, lakini gunia limeshuka kuliko ulivyopika. Niliipenda hesabu hiyo kwa sababu haikumtaka mtu yeyote akiri kitu. Tulikuwa tumechoka na mambo ya kukiri na kukana. Redioni ugonjwa ulikuwa mdogo, au umekwisha, au haukuwepo, na mtaani turubai la msiba lilikuwa likifunguliwa huku linafungwa kule kabla halijakauka umande.

Tatizo letu lilikuwa hilo turubai. Kwetu huku mtu akifa, hakuna anayeuliza alikuwa anaishi wapi. Watu wanauliza msiba uko wapi. Na msiba haukai lazima kwa marehemu. Unakaa penye uwanja mpana, penye maji karibu, kwa mtoto mwenye nafasi, au kwa ndugu aliye mjini ili wa mbali wafike bila taabu. Hapo ndipo turubai linapofungwa, jumuiya inaposali, masufuria yanapopangwa juu ya mafiga, na kuanzia siku hiyo marehemu ni wa nyumba hiyo. Miaka itapita, na mtaa mzima utakuambia fulani alifia pale, hata kama alifia Igunga akaletwa akiwa ndani ya sanduku.

Gongoni nilimkuta bibi mmoja katika nyumba tatu. Aliishi kwa binti yake mdogo, msiba ukakaa kwa kijana wake mkubwa, na mjukuu mwenye duka akaweka viti vyake mwenyewe kwa ajili ya watu wa sokoni. Wote watatu walinijibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, hapa tulifiwa na bibi. Ningewakubalia wote, bibi wa watu angekufa mara tatu. Kwa hiyo ilibidi nijifunze kukata. Alikuwa analala wapi? Kabla hajaugua, nusu mwaka ule wa mwisho, godoro lake lilikuwa chumba gani? Asubuhi alikuwa anakunywa chai ya nani? Hapo alipolala siku nyingi ndipo nyumbani kwake, na kwingine kote tunaandika hakuna.

Watu hawakuipenda kanuni hiyo hata kidogo. Yule mjukuu alinitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Mama mwingine, ambaye mzee wake aliishi kwa kaka yake lakini msiba ulikaa kwake, aliniuliza kama ninamaanisha baba yake si wake. Nikamwambia ni wake, mama, ila kwa hesabu hii ni wa kwa kaka yako. Alisimama akaingia ndani, na maji ya kunywa aliyokuwa ameniahidi hayakutoka. Jioni wenzangu walinicheka. Walisema mwalimu anasahihisha mpaka vilio. Lakini msimamizi aliipenda kazi yangu, akawa ananisimamisha mbele niwaelekeze wenzangu namna ya kukata, nami nikawaelekeza, kwa sababu namba ikishaingiwa na huruma haina tofauti na namba iliyoingiwa na uwongo. Nililisema hilo mwenyewe, kwa sauti yangu ya darasani.

Nyumbani, hata hivyo, nilikuwa na mtu aliyekuwa akiisubiri hiyo namba.

Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, aliyemfuata kwa kuzaliwa, mkulima wa Puge. Mimi nilikaa kwake tangu baba yangu alipofariki mpaka nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mjomba alikuwa mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, na watu husema nimemrithi yeye. Kanisani aliimba nusu hatua mbele ya kwaya, na walipomwambia apunguze mwendo alisema wao ndio wanachelewa. Alinibeba kwenye baiskeli msimu mzima wa mvua nilipovunjika mguu, akinigombeza njia nzima kwa kuuvunja. Kama nimeweza kusoma na kufundisha watoto wa watu, ni kwa sababu ya mgongo wake ule.

Mkewe ndiye aliyetangulia. Alikohoa, akafukizwa, akakohoa tena, akafa nyumbani kwake Puge, na tulikwenda kuzika tukiwa wachache, tukarudi bila kushikana mikono. Hata majivu ya moto wa msiba hayajazolewa, binti yao wa mwisho akapiga simu kwamba baba naye ameanza. Tulimtoa kwa gari la kukodi, tukamleta kwangu Isevya, maana binti mwenyewe alikuwa hoi na hospitali ilikuwa karibu zaidi na kwangu. Nilimpa chumba changu. Mama alimfunika blanketi juu ya sufuria la mwarobaini na mchaichai, akakaa naye humo ndani ya mvuke, yeye na umri wake, nikimkataza kwa maneno yote niliyonayo. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyemlea mgongoni, hawezi kumwacha apumue peke yake.

Mjomba alikufa alfajiri, ameketi, kwa sababu kulala kulimkaba. Hakusema neno la kukumbukwa. Alikuwa anaivuta hewa kwa mabega yake yote, na kila pumzi ilikuwa kazi ya kulima. Tulimzika Puge kando ya mkewe. Msiba ukakaa kwetu, Isevya, kwa kuwa kule nyumba ilikuwa imefungwa na binti amelazwa. Jumuiya ilisali uwanjani kwangu, viti vimeachanishwa, wengine wakasimamia nje ya ua. Kwenye karatasi ya kifo aliandikiwa moyo.

Hilo la moyo mama yangu hakulimeza. Sijui kama ni hasira au huzuni, na nadhani kwake havikuwa vitu viwili. Aliniambia, siku nilipopata kazi hii, maneno ambayo niliyabeba kila nilipokwenda.

"Kaka yangu aliteswa na kitu, mwanangu. Nilikiona kwa macho yangu. Halafu wakasema kitu hicho hakikuwepo. Sasa ninyi mkamhesabu, ijulikane kilikuwepo."

Nilimwahidi. Nilimweleza ile habari ya gunia na panya, akaielewa upesi kuliko wenzangu wengine wa mafunzoni. Nikamwambia kaka yake atahesabiwa Puge, alikokuwa akiishi, na kwamba ni bora hivyo kwa sababu ni kanuni. Kuanzia hapo, kila nilipoingia jioni, miguu imevimba, kabla hata shikamoo yangu haijaitikiwa, mama alikuwa ananiuliza, "Mmemfikia?" Bado, mama. Tuko Gongoni. Bado, mama, tuko upande wa barabara ya Nzega. Naye anasema marahaba, anarudi kwenye karanga zake za kumenya. Kwa hiyo mama yangu aliisubiri zamu ya Puge kama watu wanavyosubiri matokeo ya mtihani, na mimi nikawa naisubiri pamoja naye.

Zamu ikafika. Kwa kanuni zetu mtu hahesabu ndugu zake, kwa hiyo kitongoji cha mjomba alipewa mwenzangu, mama mmoja mnene mchangamfu wa Gongoni aliyewahi kuuza kwenye duka la vitambaa. Mimi niliongozana naye kwa sababu ya lugha, na nilionywa nisimjibie mtu. Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea barabarani. Tukasalimiana mwangaluka, tukaulizana hali za nyumbani na za mvua, akashika njia mbele yetu. Kishikwambi cha mwenzangu, kile tulichopewa cha kuandikia majibu, kilikuwa kimeshachagua nyumba chenyewe, bila kumjua mtu, kwa kutumia orodha ya zamani ya nyumba zote za kitongoji. Nilipoona tunakata kulia kwenye kile kinjia chembamba chenye ua wa minyaa, nilielewa imechaguliwa nyumba gani. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nasema ukweli, nilifurahi.

Minyaa ilikuwa imekua mpaka ikainamia njia. Ndani ya ua, ambamo sikuwa nimeingia tangu mazishi, hapakuwa na nyumba ya kuitwa nyumba. Mabati yalikuwa yameezuliwa, binti aliyachukua alipohamia kwa ndugu zake Igunga, na mvua za misimu iliyofuata zilikuwa zimezilamba kuta za udongo mpaka usawa wa kiuno. Chumbani alimokuwa akilala mjomba palikuwa pameota mibarika. Makaburi mawili yalikuwa upande wa mashariki, na moja lilikuwa limedidimia. Kwetu mahali kama hapo panaitwa mahame. Ukiyaona unapita upesi, si kwa uchawi wala nini, bali kwa sababu huna la kufanya hapo.

"Hawa walishahama," mwenyekiti akasema.

Mwenzangu alinitazama, akatazama kishikwambi, akabonyeza mahali palipoandikwa kwamba nyumba haina watu. Nacho papo hapo kikampa nyumba ya akiba, iliyo jirani. Ndivyo kazi ilivyopangwa, ili idadi ya nyumba isipungue. Tukatoka kwenye minyaa, tukavuka shamba la karanga, tukafika kwa kijana mmoja na mkewe, watu wazuri, wana mtoto anayetambaa na mwingine tumboni. Walitupa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na uji wa karanga. Walipoulizwa swali, yule mke alicheka kidogo kwa aibu, akasema hapana, wao wameoana juzi juzi tu, hawajafiwa. Mwenzangu akaandika hakuna. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, michembe mdomoni, nikauona utaratibu mzima, na hasira ikanipanda taratibu mpaka machoni.

Kwa sababu sisi ndivyo tulivyo. Misiba ikifuatana kwenye kaya moja, waliobaki hawabaki. Nani atalima peke yake? Nani atalala kwenye nyumba yenye makaburi mabichi mawili na jikoni pasipo na mtu? Watoto wanagawanywa kwa ndugu, mabati yanafuata, na mvua inamaliza kazi. Kwa hiyo nyumba ambayo ugonjwa uliiguguna kidogo imebaki imesimama, ina mtu wa kujibu. Nyumba ambayo ugonjwa uliimaliza imekuwa mahame, na mahame hayajibu maswali. Tena sisi hatukuyaacha tu bila jibu. Tulikuwa tunakwenda nyumba ya pili, penye watoto na vicheko, tunachukua jibu la walio hai tunaliweka mahali pa wale waliokufa. Juma lile tulikutana na mahame mengine, kila moja na minyaa yake. Kila moja tulilibadilisha.

Jioni nilimkabili msimamizi kwenye baraza ya nyumba ya wageni tulipofikia. Nilimweleza vizuri mwanzoni. Baadaye nadhani nilipaza sauti, maana mwenye nyumba alichungulia. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema analijua jambo hilo, wanaofanya kazi hizi duniani kote wanalijua, na hakuna aliyelipatia dawa kamili. Nikamuuliza kwa nini tusimwulize mwenyekiti, au yule binti aliye Igunga. Akasema binti atajibia nyumba anayoishi sasa, tena ikichaguliwa. Mwenyekiti naye atawakumbuka aliowapenda na kuwasahau wengine. Akiniruhusu mimi nimwingize mmoja kwa sababu namjua, lazima awaruhusu wote waingize wanaowajua, na hapo tutarudi kwenye bibi anayekufa mara tatu. Alisema hivyo kwa upole, kwa maneno yangu mwenyewe ya mbele ya darasa.

"Tutaliandika, mwalimu. Kwenye mapungufu ya utafiti."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Mjomba wangu, na sauti yake ile na baiskeli yake, atakuwa ndani ya aya moja, nyuma ya ripoti, kwamba kaya zilizosambaratika hazikufikiwa na hivyo idadi halisi huenda ni kubwa zaidi. Huenda. Hapo ndipo atakapolala.

Tulirudi Tabora tukifuata sehemu ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa kwetu wakishusha pembe kwenda pwani na kupandisha vitambaa na shanga. Shuleni nilikuwa nikiwafundisha watoto habari zao kwa fahari, mabega ya Wanyamwezi, nguvu za Wanyamwezi. Siku hiyo nilikuwa nawaza waliodondoka njiani kwa ndui na kuhara damu. Wenye misafara waliandika mizigo, kwa sababu mzigo ukipungua mtu anauliza. Mpagazi akipungua, mzigo wake alitwishwa mwingine. Nyumbani walijua tu kwamba mtama umevunwa tena na yeye hajarudi, na mwisho mkewe akaolewa au akahama, na pale pao pakaota miti. Niliwaza hayo kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka huona kila kitu kinafanana. Mwenzangu alikuwa amesinzia begani kwangu.

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza, "Mmemfikia?" Nikamjibu kwamba tumefika Puge, nyumba imefungwa, tutaona. Akaniletea maji ya moto ya kukandia miguu.

Zamu ya mwisho ilikuwa Isevya, na mtaa wetu ulikuwemo. Kwa kanuni ile ile, kwa mtaa wetu mimi niliwekwa pembeni, akapangiwa yule mwenzangu wa Gongoni. Kishikwambi kilichagua nyumba zake bila kumjua mtu, na yangu ikawa mojawapo. Mwenzangu aliniambia siku moja kabla, tukiwa tunagawana muhogo wa kuchoma, kwamba kwangu ataandika nitakachomwambia. Kisha akatafuna muhogo wake.

Usiku ule na asubuhi yake nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Mjomba alilala kwangu. Ni kweli alikuja akiwa mgonjwa, lakini mkewe alikuwa amekufa na nyumba yake imefungwa. Nani angebisha nikisema alikuwa ameshahamia? Na zaidi ya hapo, niliipiga hesabu nikichambua mchele, nikaona kwamba uwongo wangu ungeifanya ile namba iwe ya kweli zaidi. Alikufa, hakuhesabiwa, ningemhesabu. Pengo moja lingezibwa. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha mawe, nikaanza tena upya. Kisha nikamkumbuka yule mjukuu mwenye duka, na yule mama wa maji, na wote niliowaambia hapana. Kila mmoja wao alikuwa na mjomba wake.

Mama alivaa kitenge cha kanisani. Uwanja ulikuwa umefagiwa tangu asubuhi na kiti cha mgeni kimewekwa kivulini. Mwenzangu alikuja, akampa mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaulizana habari za uzima na za kanisa. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango, sufuria la mchele mapajani. Alipofika kwenye swali alilisoma polepole, kama nilivyomfundisha.

"Yupo," mama akasema. "Kaka yangu. Alifia chumba kile pale."

Mwenzangu akauliza, kwa sauti ya chini, kabla ya kuugua alikuwa analala wapi. Mama akamwambia msiba ulikaa hapa, aulize mtaa mzima, jumuiya ilisali hapa, masufuria yalipangwa pale kwenye mkaratusi. Mwenzangu akageuka kunitazama mimi. Alikuwa ameshaweka kidole tayari. Alinisubiri bila kunihimiza, na ninamshukuru mpaka leo kwa kule kunisubiri.

"Aliishi Puge," nikasema.

Akaandika hakuna.

Alimalizia maswali mengine, ukuta ni wa tofali gani, maji mnachota wapi, mnapikia mkaa au kuni. Mama hakujibu hata moja, nilijibu mimi. Alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mama yangu, wala nilipokuwa mtoto na nimevunja kitu. Mwisho alihama lugha, akaniuliza kwa Kinyamwezi cha nyumbani, pole pole, kama Puge walishamwandika.

Mwenzangu anakijua Kinyamwezi kidogo, cha dukani. Alisikia.

"Walishamwandika, mama," nikasema.

"Na mkewe?"

"Na mkewe."

Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Alisema basi ni vizuri, imejulikana, kaka yake anaweza kupumzika. Akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akainuka kwa kushika goti, akamwambia mgeni asiondoke, wali unabandikwa sasa hivi. Mwenzangu aliyekuwa na mimi kwenye mahame aliinamia kishikwambi chake, akanisomea swali lililokuwa limebaki, la choo ni cha shimo au cha kuvuta maji, na mimi nikamjibu.